Dashibodi ya Japani mikononi mwa fundi wa Kisumu

Gari la mtumba likishushwa bandarini Mombasa na kuendeshwa hadi Kisumu, dashibodi yake huwa bado inamhudumia dereva wa Japani. Skrini huandika Kijapani, redio hutafuta stesheni za Osaka. Kuirekebisha ikubaliane na mwenye gari mpya ni kazi ya mafundi wa jua kali, na kazi hiyo ilianza kabla gari halijajua kompyuta.

Zamani kila kitu kilitegemea kebo. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya spidomita ya sumaku. Kebo inayotoka kwenye giaboksi huzungusha sumaku. Kikombe cha metali nyepesi kilicho karibu nayo huburutwa bila kuguswa, na mshale hupanda ukizuiwa na springi. Ndivyo zilivyopima mwendo Peugeot zilizosafirisha abiria kati ya Kisumu na Nairobi. Kebo ilipokatika, mshale ulilala kwenye sifuri na kilometa ziliacha kuhesabiwa. Washindani wa mbio za magari, zikiwemo za Safari zilizoanza 1953, waliigeuza kebo hiyo kuwa nyenzo: waliitia tawi na kuiunganisha na Halda, kifaa cha Kiswidi cha kupima umbali, ambacho gia zake ziliweza kubadilishwa kulingana na ukubwa wa matairi.

Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari ya Japani yakafurika. Baadhi ya yale makuukuu yalipiga kengele kila dereva alipopita takriban kilomita 100 kwa saa, kwa sababu sheria ya kwao ilidai hivyo hadi 1986. Redio nazo zilikoma megahezi 90, ilhali stesheni za Kenya huenea kati ya 88 na 108. Dawa yake ikawa ekspanda, kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio ili kushusha masafa. Kikipunguza 14, stesheni ya 100 husikika kwenye 86. Msikilizaji hubaki na hesabu ya kutoa kichwani.

Kebo nayo ikaanza kutoweka. Kwa kipimo cha Kijapani, ilizunguka mara 637 kwa dakika gari likienda kilomita 60 kwa saa. Sensa iliyochukua nafasi yake kwa kawaida hutoa mapigo manne ya umeme kila mzunguko, yaani kama 42 kwa sekunde. Ajuaye kuhesabu mapigo hayo aweza kuunda spidomita yake mwenyewe. Habari hizo za mwendo ndizo zilizohitajika 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipolazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Fundi aliyejua kukifunga kidhibiti alijua pia pa kukikatia, na wapo madereva waliomwendea kwa ombi hilo.

Arduino, bodi ndogo ya kompyuta iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, iliwafungulia mlango wanaojifundisha wenyewe. Boya la tangi hubadilisha ukinzani wa umeme mafuta yanapopungua. Bodi husoma badiliko hilo na kuandika lita kwenye skrini, kwa Kiswahili au Kijaluo ukipenda. Tahadhari ni moja: umeme wa gari hufika volti 14 injini ikinguruma, na bodi nyingi za aina hiyo huvumilia 5 tu kwenye pini zake. Asiyegawanya umeme kwa rezista ataiunguza.

Ujuzi huohuo una upande wake mbaya. Kilometa zilizorudishwa nyuma kwa kuzungusha kebo kwa mashine ya kutobolea sasa hufutwa ndani ya chipu kwa kompyuta, bila kuacha mkwaruzo. Fundi mwema na fundi tapeli hutumia vifaa vilevile. Kwa hiyo mnunuzi mwenye uzoefu hutazama kwanza pedali zilivyolika, usukani ulivyong'aa na kiti kilivyobonyea, ndipo asome namba. Gari la kilometa 60,000 lenye pedali iliyobaki chuma kitupu lina maelezo ya kutoa.