Kukariri, Kuelewa na Sanaa ya Kukumbuka

Katika mijadala yetu kuhusu elimu, neno "kukariri" limegeuka tusi. Mhitimu akishindwa kujieleza, tunasema alikariri. Mtaala ukibadilishwa, tunaambiwa kwamba lengo ni kuwaondoa vijana katika kukariri. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inachanganya mambo mawili: kumeza maneno usiyoyaelewa, na sanaa ya kukumbuka. La kwanza ni maradhi. La pili ni taaluma kongwe, na historia yake ina la kumfaa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, na hata sisi tunaomtungia mtihani huo.

Warumi walimhesabu Simonides, mshairi wa Kigiriki wa karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, kuwa mwasisi wa sanaa hiyo. Cicero anasimulia kwamba Simonides alitoka nje ya ukumbi wa karamu, na mara paa likaporomoka na kuwaua waliobaki ndani. Miili iliharibika hata jamaa zao wasiitambue; Simonides akaitambua kwa kukumbuka kila mmoja aliketi wapi. Funzo likawa kwamba akili husahau orodha upesi, lakini mahali haipasahau kwa urahisi. Wasemaji wa Roma wakajifunza kuzigawa hotuba zao katika vyumba vya nyumba waliyoijua, kila chumba na taswira yake ya kushangaza, kisha wakati wa kuhutubu wakapita humo kwa mawazo.

Mwaka 1596 mbinu hiyo ilikutana na mitihani. Padri Mwitaliano Matteo Ricci, akiwa Nanchang, China, aliandika kwa Kichina kitabu cha sanaa ya kumbukumbu kwa ajili ya gavana wa Jiangxi, ambaye wanawe walikuwa wakijiandaa kwa mitihani ya utumishi wa dola, mitihani iliyodumu hadi 1905. Mmoja wa mifano yake ni herufi ya Kichina yenye maana ya vita, ambayo ndani yake zimo alama mbili: ya mkuki na ya kuzuia. Ricci alimtaka msomaji awaweke askari wawili katika pembe ya ukumbi: mmoja ameinua mkuki, mwingine amemkamata mkono asichome. Mwana mkubwa wa gavana alikisoma kitabu, akasema kwamba kanuni zake ni za kweli, ila anayetaka kuzitumia sharti awe na kumbukumbu njema sana tangu awali.

Nadhani kijana yule alikuwa na hoja. Jumba la kuazima ni mzigo juu ya mzigo. Kumbukumbu hukaa vyema katika nyumba ambayo mtu ameizoea. Nasi hatukuwa bila nyumba. Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo walikuwa na lukasa, kibao cha mbao kilichopambwa shanga na kombe, ambacho wajuzi wa chama cha Mbudye walikipapasa kwa kidole huku wakisimulia habari za wafalme, koo na safari za mababu. Katika pwani yetu, Mwana Kupona alipotaka kumwachia bintiye wosia mwaka 1858, aliutunga kwa utenzi: vipande vinne katika kila ubeti, mizani minane katika kila kipande, na kina cha mwisho kinachorudi tangu mwanzo hadi tamati. Aliyesahau neno hukumbushwa na kina.

Tumtazame sasa mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayesoma Historia. Badala ya kurudia tarehe mpaka usingizi umchukue, na azipange nyumbani kwao. Mlangoni wamesimama wageni wenye makoti mazito, wanakata mkate uliochorwa ramani ya Afrika: Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Uani, penye mtungi, Kinjeketile anawagawia watu maji: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Lakini taswira hiyo haijatosha. Auweke mtungi juu ya marobota ya pamba, na mtoza kodi awe amekaa pembeni. Hapo picha imebeba tukio pamoja na chanzo chake, yaani kilimo cha shuruti na kodi ya Mjerumani. Kama ilivyo kwa wale askari wa Ricci, taswira njema huzaliwa na maana ya jambo lenyewe. Asiyeelewa hawezi kuichora, na aliyekwisha kuichora amekwisha kuelewa.

Mbinu hii haihitaji ada ya masomo ya ziada, nayo inachekesha. Mtoto atakayemkuta Mjerumani amekalia kigoda cha bibi yake hatamsahau upesi. Ina faida nyingine kubwa zaidi. Wanafunzi wetu wengi wa sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza wasichokimudu, hivyo kumeza sentensi nzima huwa ndilo kimbilio lao. Tunawaita wavivu, ilhali wanajiokoa. Taswira haina lugha: mtoto huijenga kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, akaielewa kwanza, kisha akatafuta maneno ya kujibia. Maneno hayo bado atalazimika kuyatafuta katika lugha ya kigeni, na kikwazo hicho hakuna sanaa ya kumbukumbu itakayokiondoa. Hicho ni wajibu wa wanaopanga sera ya lugha.