Nguvu, Moto, Sabuni na Muda: Historia ya Mashine ya Kufulia

Mwaka 1998 sisi ndugu watatu tuliokuwa Uingereza tulichanga fedha, tukanunua mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, tukaipakia kwenye kontena pamoja na magodoro na baiskeli za watoto, ikaenda hadi Tanga kwa Mama. Tuliamini kwamba tumemtua mzigo alioubeba tangu ujana wake. Tulipokwenda likizo mwaka uliofuata tuliikuta ukumbini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa redio, na ndani ya pipa lake mna mashuka yaliyokunjwa vizuri. Mama hakutaka kutuvunja moyo. Tulipomdadisi sana ndipo aliposema: “Wanangu, chombo chenu ni kizuri, ila kinataka maji yaje yenyewe. Hapa maji tunayafuata sisi.”

Kosa lilikuwa letu, na aibu yake ilizidi kwa kuwa sisi tunaoandika haya tumesomea uhandisi. Ndugu wasomaji hutuuliza mara kwa mara wanunue mashine gani, ya kutumia huku ughaibuni na ya kupeleka nyumbani. Kabla ya kujibu tunaona heri tupitie historia yake, maana aliyeijua historia ile asingefanya tulichofanya sisi.

Anayefua kwa mkono anaijua kanuni nzima ya kufua hata kama hakuisoma popote. Nguo huroweka usiku kucha: huo ni muda. Hupakwa sabuni ya mche: hiyo ni dawa. Hufikichwa, na kwa dobi hupigwa juu ya jiwe: hiyo ni nguvu. Shuka jeupe huchemshwa: huo ni moto. Mwaka 1959 mkemia wa Kijerumani Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Henkel, alichora duara lenye sehemu hizo nne, akaeleza kwamba ukipunguza moja huna budi kuongeza nyingine. Historia yote ya mashine ya kufulia ni ya kuligawa upya duara hilo.

Kilichotafutiwa mbadala kwanza ni nguvu ya mkono. Mwaka 1767 huko Regensburg, Ujerumani, mchungaji na mtaalamu wa mimea Jacob Christian Schäffer alichapisha maelezo ya pipa la mbao lenye mpini wa kuzungusha. Mapipa ya namna hiyo yaliendelea kubadilishwa na kuboreshwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mota ya umeme ilifungwa kwenye pipa, na kampuni kama Hurley ya Chicago zikaanza kuuza mashine hizo. Hata hivyo mfuaji aliendelea kusimama hapo hapo, akajaza maji, akamwaga, akapitisha nguo moja moja katikati ya magogo mawili ya kukamulia, na wengi waliumia vidole.

Mashine ya kwanza ya nyumbani kufua, kusuuza na kukamua yenyewe kwa mfululizo ilitolewa na Bendix nchini Marekani mwaka 1937. Ilikuwa na mlango wa mbele, na ilitikisika mno hata ikabidi ifungwe sakafuni kwa bolti. Baadaye mafundi walilining'iniza pipa kwenye springi na kulifunga vipande vizito vya kulituliza. Ndiyo maana watu wawili huhema wanapoipandisha mashine ghorofani: katika nyingi ya mashine hizi sehemu kubwa ya uzito ni ya zege.

Uingereza ilipita njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hoover ilileta mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, na mfuaji huhamisha nguo mwenyewe. Miaka ya 1960 mfanyabiashara John Bloom aliziuza za aina hiyo kwa bei ya chini moja kwa moja majumbani, mpaka kampuni yake, Rolls Razor, ilipoanguka mwaka 1964. Baadaye Waingereza waliziacha wakachukua zinazojiendesha zenyewe. Lakini hazikufa. Ukienda madukani Dar es Salaam, Mombasa au Muscat utazikuta hadi leo, na sababu yake tutaieleza.

Je, mashine iliwapumzisha kina mama? Mwaka 1983 mwanahistoria wa Kimarekani Ruth Schwartz Cowan alitoa kitabu kilicholipinga wazo hilo. Alionyesha kwamba kabla ya mashine familia nyingi zilipeleka nguo kwa wafuaji wa kulipwa, na mashine ilipoingia ndani kazi ile ilirudi kwa mama wa nyumba. Tena nguo zilizovaliwa siku tatu sasa zikawa za siku moja. Sisi tuliokua tukipeleka kanzu kwa dobi tunaweza kumwelewa. Huku Uingereza hakuna dobi wa mtaani, na nguo za watoto wanne ziko jikoni zinatungoja turudi kazini.

Sasa tuje kwenye moto, kwani humo ndimo umeme unamoliwa. Chukua lita 15 za maji ya bomba ya nyuzi 15. Kuyafikisha nyuzi 60 kunataka karibu uniti 0.8 ya umeme. Kuyafikisha nyuzi 30 kunataka karibu 0.26, yaani theluthi moja. Mota ya kuzungusha pipa hula kidogo tu ukilinganisha na hapo. Kwa hiyo anayetaka kupunguza bili aanze na kitufe cha moto kabla hajafikiria kununua mashine mpya. Huko Muscat mwezi Julai maji ya tangi la juu ya paa hutoka bombani yakiwa tayari ya moto, na jua limeshalipa bili hiyo.

Lakini moto ukipungua, kile duara cha Sinner kinadai fidia. Sehemu moja imelipwa na sabuni: tangu mwaka 1913, Otto Röhm wa Ujerumani alipopata hataza ya kutumia vimeng'enya katika kufulia, wakemia wamekuwa wakitafuta sabuni inayotoa uchafu bila kuchemsha. Sehemu nyingine imelipwa na muda. Wasomaji wanaolalamika kwamba programu ya kubana umeme inachukua saa tatu na zaidi waelewe kuwa mashine si mbovu. Inarowesha nguo kama alivyorowesha Bibi.

Lebo ya dukani nayo ina historia. Umoja wa Ulaya uliagiza mashine za kufulia ziwekewe lebo ya umeme mwaka 1995, kuanzia A hadi G. Mashine zikaboreka, herufi zikajaa juu, zikaongezwa A+ hadi A+++, mpaka mnunuzi akawa haoni tofauti. Tarehe 1 Machi 2021 kipimo kikarudishwa A hadi G kwa masharti magumu zaidi, na Uingereza ikafuata kipimo hicho hicho. Lebo ya sasa inataja uniti kwa mizunguko 100, lita za maji kwa mzunguko mmoja, muda wa programu na daraja la kukamua. Daraja hilo la mwisho lisipuuzwe katika nchi za baridi, kwa sababu maji yasiyotolewa kwa kukamua yatatolewa na mashine ya kukaushia, na hiyo hula umeme zaidi.

Kitu ambacho lebo haikitaji ni uimara. Zamani pipa la nje lilikuwa la chuma, limefungwa kwa bolti, na beringi ikichakaa fundi alilifungua akabadilisha. Siku hizi mapipa mengi ya nje ni ya plastiki yaliyounganishwa kwa kuyeyushwa, hayafunguki. Beringi ya bei ndogo ikifa, inabidi ununue pipa zima, na kwa bei hiyo watu huitupa mashine. Sheria za Ulaya zilizoanza Machi 2021, na za Uingereza zilizoanza Julai mwaka huo, zinawalazimisha watengenezaji kuweka vipuri kwa angalau miaka 10. Hilo ni jema. Lakini zinaruhusu pipa na beringi zake viuzwe kwa pamoja, kwa hiyo mwanya uko pale pale.

Basi ushauri wetu ni huu. Kwa nyumba ya huku, usiishie kwenye herufi. Muulize muuzaji kama pipa la nje linafunguka, kisha mpigie fundi wa mtaani kwako umuulize ni mashine zipi anazozitengeneza na zipi anazozikataa. Nunua ukubwa unaoujaza, kwani mashine kubwa inayozungushwa nusu tupu haibani kitu. Fua kwa nyuzi 30, na mara moja moja uendeshe nyuzi 60 ili pipa lisiote ukungu.

Kwa nyumbani kwetu, anza na maji. Mashine inayojiendesha hungoja maji yenye msukumo, yasipokuja husimama. Kipashio chake cha moto huvuta wati 2,000 hivi, na ubao wake wa elektroniki hauvumilii umeme unaopanda na kushuka. Ile ya mapipa mawili hujazwa kwa ndoo, mara nyingi haina kipashio, na fundi yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifungua. Ndiyo sababu imedumu kwetu.

Mwaka 2001 tulimpigia Mama simu. Tulimwamkia, kisha safari hii tukauliza kabla ya kununua: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, yanatoka saa ngapi, na ni nani anayefua. Alicheka. Akatuambia kuwa anayefua ni binti wa jirani, naye yeye Mama humlipa, na tusije tukaleta kitu cha kumkosesha binti yule riziki yake. Tulinunua ya mapipa mawili pale pale Tanga. Binti aliendelea kulipwa vile vile, akawa anamaliza kabla ya adhuhuri badala ya alasiri. Ile ya kwanza ilibaki ukumbini na mashuka yake, na kila tulipokwenda likizo tuliipita pale, tusiseme neno.