Mto Yala na Neno "Milele": Dhahabu ya Kakamega

Mto Yala huanzia nyanda za juu za Nandi, ukapita katika msitu wa Kakamega na nchi ya Waluhya, kisha ukaingia Ziwa Viktoria. Mwaka 1931 mlowezi mzaliwa wa Marekani, L. A. Johnson, aligundua dhahabu katika mchanga wa bonde hilo. Wakati huo bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka ulimwenguni, na nzige walikuwa wameyavamia mashamba. Haikuwa ajabu, basi, walowezi wengi kuacha kilimo wakamiminika Kakamega na mahema na makarai yao.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kama habari ya bahati na ujasiri. Makala haya yanakitazama kwa upande wa neno moja la sheria. Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyoahidi kuwa ardhi zilizotengewa Waafrika zingekuwa zao milele. Endapo sehemu ingetwaliwa kwa haja ya umma, ilipasa ardhi nyingine itolewe badala yake, na baraza la wenyeji liulizwe kwanza. Lakini Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa kwa haraka. Ardhi ya migodi iliweza sasa kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu, pasipo baraza kuulizwa.

"Milele" hiyo, basi, ilidumu miaka miwili. Shemasi Mkuu Owen wa Kavirondo aliipinga hatua hiyo, nalo Bunge la Uingereza likaijadili mwaka 1933. Kwa Mluhya, fedha haikuweza kusimama mahali pa ardhi walimozikwa wazee wake. Hofu hiyo ndiyo mojawapo ya mambo yaliyokipa nguvu Chama Kikuu cha Kavirondo ya Kaskazini.

Dhahabu yenyewe haikukaa sana: mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Hata hivyo, wenyeji wa Ikolomani wangali wanachimba kwa mikono. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inayaweka madini mikononi mwa taifa, na kuitengea jamii ya mahali asilimia 10 ya mrabaha. Ahadi hii nayo ni maneno. Yatupasa sisi tunaoshughulika na lugha kuuliza uzito wake utakuwa upi siku dhahabu nyingi itakapoonekana tena.