Safari ya meli na watoto: uliza haya kabla hujalipa

Wadau, wengi wetu tukisikia meli ya kitalii tunakimbilia bei. Kama una mtoto mdogo au mwenye mahitaji maalum, anza na haya:

1. Umri: kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6, na safari za kuvuka bahari kuu ni miezi 12.

2. Bwawa: wa pampasi haogi kwenye bwawa la wote.

3. Chumba: vya kiti cha magurudumu ni vichache, wahi.

4. Dawa: beba mkononi, mabegi huletwa chumbani baadaye.

5. Bandari: George Town, Visiwa vya Cayman, meli hutia nanga nje, mnashushwa kwa boti. Kiti kizito cha umeme kinaweza kukataliwa, mtoto akabaki melini akiwaangalia wenzake wakishuka. Hilo ulizeni mapema.

Kazi kwenu!