Matabishi ya lazima: namna zawadi ya mgeni iligeuka deni katika restora za Disney

Watu sita wa familia moja wanaketi mezani katika restora ya Walt Disney World, bustani kubwa ya michezo karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida, Marekani. Wanakula, watoto wanafurahi, kisha fakture inaletwa. Chakula ni dola 200. Chini yake kuna mstari mwingine: dola 36. Hakuna aliyewauliza kama mhudumu alifanya kazi vizuri. Ni matabishi, asilimia 18, na kwa kundi la watu 6 ao zaidi yanaandikwa moja kwa moja.

Kwa msikilizaji wa Goma, Bukavu ao Uvira, na kwa familia iliyo katika kambi ya wakimbizi, jambo hilo linaweza kuonekana la mbali sana. Lakini Wakongomani wengi wamepelekwa kuishi Marekani katika miaka hii, na kati yao wako wanaotafuta riziki katika hoteli na restora. Pesa inayotumwa huku kwa ajili ya masomo ao dawa inaweza kutoka kwenye mstari huo wa chini ya fakture. Ndiyo maana inafaa kujua mstari huo ulitoka wapi, na pesa yake ni ya nani.

Neno lenyewe

Neno matabishi liliingia Kongo kutoka Kireno, «mata-bicho», maana yake kuua mdudu. Ilikuwa ni tone la pombe kali la asubuhi, ambalo watu walisema linaua mdudu wa tumboni. Wafaransa wanasema «pourboire», yaani ya kunywa. Wajerumani nao wana neno lenye maana ya pesa ya kinywaji. Lugha zote tatu zinakubaliana: ni kitu kidogo, mtu anakitoa kwa hiari yake ili mwenzake akate kiu.

Kongo inajua pia upande wa pili wa neno hilo: matabishi yanayodaiwa mbele ya meza ya ofisi ao kwenye kizuizi cha barabara, ambapo anayetoa hana hiari yoyote. Marekani nayo ilipita njia ya kutoka zawadi hadi lazima, lakini yake ilianzia kwenye mshahara.

Watumwa wa zamani ndani ya treni

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimalizika mwaka 1865, na watumwa weusi wakapata uhuru. Walikuwa huru, lakini wengi hawakuwa na shamba, nyumba wala akiba. Wakati huohuo matajiri wa Marekani waliokuwa wakitembelea Ulaya walirudi na desturi ya huko ya kuwapa watumishi pesa kidogo. Waajiri wengi waliona njia rahisi: kumwajiri mtu mweusi kwa mshahara mdogo sana, na kumwachia msafiri kazi ya kuujaza.

Mfano unaojulikana zaidi ni kampuni ya George Pullman wa Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1867. Ilikuwa na mabehewa ya treni yenye vitanda, na wahudumu wake walikuwa watu weusi, wengi wa kwanza wakiwa watumwa wa zamani. Walitandika vitanda, walibeba mizigo, walisafisha viatu usiku abiria wakiwa wamelala. Abiria wengi waliwaita wote «George», jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa zamani kwa jina la bwana wake.

Mwaka 1915 tume ya serikali ilichunguza hali ya wafanyakazi nchini. Ilionekana kwamba mshahara wa kuanzia wa mhudumu wa Pullman ulikuwa dola 27 na senti 50 kwa mwezi. Iliyobaki ilipaswa kutoka mifukoni mwa abiria. Mmoja wa waliohojiwa na tume alikuwa mkubwa wa kampuni hiyo, Robert Todd Lincoln. Baba yake ni Abraham Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa.

Wahudumu hao hawakukaa kimya. Mwaka 1925 waliunda sendika yao, chama cha kutetea wafanyakazi, wakiongozwa na A. Philip Randolph. Walidai mshahara wa kweli na saa za kazi zenye mpaka. Iliwachukua miaka 12. Mwaka 1937 kampuni ilitia sahihi mkataba, na saa za kazi zikapunguzwa hadi 240 kwa mwezi.

Sheria iliyofungua mlango

Wamarekani wengine walichukia desturi hii tangu mwanzo. Walisema inamfanya mtu mmoja bwana na mwingine ombaomba, jambo lisilofaa katika nchi inayojiita ya watu sawa. Jimbo la Washington lilipiga marufuku matabishi mwaka 1909, na majimbo mengine machache yakafuata. Lakini sheria hizo hazikushika. Kufikia mwaka 1926 zote zilikuwa zimefutwa.

Mwaka 1938 rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya mshahara wa chini kabisa: senti 25 kwa saa. Wafanyakazi wengi wa restora na hoteli hawakuhesabiwa ndani yake. Walipoingizwa mwaka 1966, waliingizwa kwa mlango wa pembeni: mwajiri aliruhusiwa kuhesabu matabishi ya wageni kuwa sehemu ya mshahara anaodaiwa, hadi nusu yake. Kile kilichokuwa zawadi ya mgeni kikawa punguzo la deni la mwajiri.

Mwaka 1991 nusu hiyo ilikuwa dola 2 na senti 13 kwa saa. Mwaka 1996 bunge lilipandisha mshahara wa watu wengine lakini likaacha ule wa wanaopewa matabishi palepale. Mshahara wa chini wa taifa ni dola 7 na senti 25 tangu mwaka 2009. Wa wahudumu umebaki dola 2 na senti 13. Kama matabishi hayatoshi kufikisha kiwango cha kawaida, mwajiri anapaswa kuongeza kilichopungua.

Kila jimbo linaweza kutoa zaidi. Florida, ambako Disney World iko, ni mojawapo. Mwaka 2020 wapiga kura wa Florida walikubali mshahara wa chini upande hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa mwaka 2026. Hata hivyo mwajiri wa mtu anayepewa matabishi anaruhusiwa kulipa dola 3 na senti 2 chini ya kiwango hicho.

Desturi inaingia bustanini

Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Watu wanaokwenda pale wanatoka nchi nyingi, na wengi wanatoka mahali ambapo mgeni haachi kitu mezani. Kwa mhudumu anayetegemea matabishi, meza kubwa ya wageni wa namna hiyo ni hasara: anatumikia watu kumi kwa saa mbili, kisha wanaondoka wakishukuru kwa maneno tu. Asilimia 18 iliyoandikwa tayari inamlinda na hasara hiyo.

Ndani ya bustani kuna namna kadhaa za kulipa. Katika onyesho la Hoop-Dee-Doo, ambapo wageni wanakula huku wakitazama waimbaji tangu mwaka 1974, bei ya tiketi ina chakula, kodi na matabishi ndani yake. Mwaka 2005 kampuni ilianza mpango wa wageni kulipia chakula cha safari nzima mapema, na matabishi yalihesabiwa ndani. Mwaka 2008 yaliondolewa kwenye mpango huo. Aliyefikiri amelipa yote akaanza kukuta fakture nyingine mezani.

Pesa hiyo ni ya nani?

Hapa ndipo jambo linakuwa kubwa kuliko asilimia 18. Mwaka 2012 idara ya kodi ya Marekani ilikumbusha namna ya kutambua matabishi ya kweli, na kanuni hiyo ikaanza kufuatwa kwa ukali Januari 2014. Mgeni lazima atoe bila kulazimishwa. Lazima yeye mwenyewe apange kiasi. Kiasi hicho kisitokane na amri ya mwajiri. Na kwa kawaida mgeni ndiye anayeamua nani apewe. Likikosekana moja kati ya hayo, pesa inaweza kuhesabiwa si matabishi tena, bali ni malipo ya huduma.

Mtu anaweza kudhani ni kubadilisha jina tu. Sivyo. Kwa sheria ya taifa matabishi ni mali ya mfanyakazi, na tangu mwaka 2018 imeandikwa wazi kwamba mwajiri na wakubwa wa kazi hawaruhusiwi kujiwekea. Malipo ya huduma ni mapato ya nyumba. Yakigawiwa wahudumu yanakuwa mshahara wa kawaida na yanakatwa kodi hivyo. Sheria hiyo ya taifa hailazimishi yagawiwe yote. Kinacholinda mhudumu hapo ni sheria ya jimbo, kama ipo, na mkataba wake ao wa sendika yake. Pale Disney World wahudumu wana sendika. Katika restora nyingi za nje hawana.

Kwa hiyo mgeni anaweza kulipa dola 36 akiamini amemsaidia mtu aliyembebea sahani, wakati kwa sheria pesa hiyo ni ya mwenye nyumba kwanza.

Bustani moja, nchi tatu

Kampuni hiyohiyo inaonyesha kwamba njia si moja. Bustani ya Disney ya Tokyo ilifunguliwa mwaka 1983. Japani haina desturi ya matabishi. Mgeni analipa bei aliyoiona, anashukuru, anaondoka.

Ile ya karibu na Paris ilifunguliwa mwaka 1992. Ufaransa ilikuwa na ugomvi huu zamani na iliumaliza kwa sheria. Mwaka 1933 iliamuliwa kwamba pesa yote inayochukuliwa kwa jina la huduma ifike mikononi mwa wafanyakazi wanaohudumia wageni. Tangu mwaka 1987 bei iliyoandikwa kwenye orodha ya vyakula lazima iwe na huduma ndani yake. Mgeni akitaka kuacha sarafu, ni furaha yake. Mhudumu hangojei sarafu hizo ili alipe nyumba.

Panya ni yuleyule, nyimbo ni zilezile. Kinachotofautiana ni nani aliyepewa deni la kumlipa mhudumu: mwajiri ao mgeni.

Kwa aliye njiani

Familia inayojiandaa kwenda Marekani, ao yenye ndugu aliyefika tayari, inaweza kuchukua mambo machache katika historia hii. Anayekula asome fakture hadi chini kabla ya kulipa. Kama huduma imeshaandikwa, hakuna anayemdai mara ya pili. Akitaka kujua pesa inafika wapi, anaweza kumuuliza mhudumu mwenyewe kwa upole.

Anayeomba kazi aulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi: mshahara wa saa moja ni kiasi gani bila matabishi, na malipo ya huduma yanayoandikwa kwenye fakture yanagawiwa nani. Aandike saa zake na pesa anayopata kila siku katika daftari. Wiki ambayo wageni hawakutoa kitu, daftari hilo ndilo litaonyesha kama mwajiri alijaza pengo kama sheria inavyomtaka.