Dawa ya Maumivu Si Dawa ya Kuua



Watu wakikaa matangani, mara nyingi twasikia maneno ya namna mbili juu ya marehemu aliyeteswa sana na ugonjwa. Mmoja asema: "Afadhali wangempa kitu amalize haraka." Mwingine ajibu: "Hata ile sindano ya kutuliza maumivu ilikuwa dhambi, maana ilimsogeza kaburini." Wa kwanza asema kwa huruma, wa pili kwa hofu ya Mungu. Hatuwadharau. Lakini wote wawili wamepotea njia, na mgonjwa ndiye alipaye deni la kosa lao.

Katika njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare tulipata kumtembelea mama mmoja mwenye kansa ya titi. Jamaa zake walimpenda. Walimwosha kila siku, walimfukuzia nzi, walimpikia uji. Dawa moja tu waliikataa, ile ambayo muuguzi aliwaambia ingemtuliza. Walisema: "Akilala usingizi wa dawa hataamka, nasi tutakuwa tumemwua." Basi mama yule akalia usiku na mchana, majuma mengi. Siku moja akatuuliza kama Mungu angemkasirikia akiomba kufa. Swali lile hatujalisahau, na kwa ajili yake tumefungua vitabu vya historia, tuone Kanisa limefundisha nini na watu wamefanya nini.

Tuanze zamani. Warumi wa kale hawakuona vibaya kumtupa mtoto aliyezaliwa na kilema. Baba wa nyumba alikuwa na uwezo wa kumpokea au kumkataa. Wakristu wa kwanza walikataa desturi hiyo tangu mwanzo, na mafundisho yao ya kale kabisa yalimkataza mtu kumwua mtoto, azaliwe au asizaliwe bado. Wala hawakukoma kwenye makatazo. Karibu na mwaka 370, Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria, katika nchi iitwayo leo Uturuki, alijenga nje ya mji nyumba nyingi za wagonjwa, maskini na wakoma. Hapo twaona jambo la kwanza: anayesema "usiue" hana budi pia kusema "mlete kwangu nimtunze".

Je, Kanisa lilisema kwamba uhai lazima uvutwe kwa kila njia, hata kwa nguvu? Hapana. Katika karne ya 16 huko Salamanka, Hispania, palikuwa na mwalimu Mdominiko jina lake Francisco de Vitoria. Alifundisha kwamba mgonjwa hana lazima ya kula vyakula vya thamani kama nyama ya kuku, hata kama mganga amwambia kwamba vitamwongezea miaka ya kuishi. Atunze uhai wake kwa chakula cha kawaida cha watu, hiyo yamtosha. Kutokana na mafundisho kama hayo wanateolojia walitofautisha njia za kawaida na njia zipitazo kiasi. Basi mzee akikataa kupelekwa mbali sana, kwa gharama ya kuuza mashamba yote ya jamaa, kwa tiba isiyo na tumaini kubwa, huyo hajajiua. Amekubali kwamba yeye ni mwanadamu, na mwanadamu hufa.

Sasa tufike katika giza. Mwaka 1920 nchini Ujerumani wasomi wawili, mwanasheria na mganga, walitoa kitabu wakisema kwamba kuna watu ambao uhai wao hauna thamani ya kuishi. Maneno hayo yalipata mikono mwaka 1939. Hitler aliandika barua ya kuwapa waganga ruhusa ya kuwaua wagonjwa wasiopona, nao wakakiita kitendo hicho kifo cha huruma. Wenye akili taahira, wenye kifafa, vilema na wagonjwa wa akili walichukuliwa kwa magari kutoka nyumba walimotunzwa, wakapelekwa mahali sita palipotengenezwa kwa kazi hiyo, wakauawa kwa hewa ya sumu. Jamaa zao walipelekewa barua za uongo kwamba ndugu yao amekufa kwa ugonjwa. Hata Agosti 1941 waliokufa hivyo walipita 70,000.

Tarehe 3 Agosti 1941, askofu wa Münster, Clemens August von Galen, alipanda mimbarini akaeleza wazi mauaji hayo. Aliwaambia Wakristu: tukikubali kwamba mtu asiyefanya kazi aweza kuuawa, ole wetu sote tutakapozeeka, ole wa askari arudiye bila miguu. Hotuba yake ilinakiliwa kwa siri ikasambaa nchi nzima. Majuma matatu baadaye Hitler aliamuru kazi ya hewa ya sumu isimame. Kwa siri waganga wengine waliendelea kuua kwa sindano na kwa njaa mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Askofu Galen alifanywa kardinali mwaka 1946, na mwaka 2005 akatangazwa Mwenye heri.

Tumesimulia hayo kwa sababu hata kwetu kuna maneno yenye sura ileile, ijapokuwa hayana silaha. Mtoto amezaliwa hawezi kukaa wala kusema. Majirani wanong'ona kwamba ni mkosi, kwamba ingekuwa heri asingezaliwa, kwamba chakula chake chapotea bure. Baba aona haya, mama amficha nyumba ya nyuma wageni wakija. Hakuna aliyemwua mtoto huyo, lakini amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wasiohesabiwa. Anayetaka kujua kama parokia yake imesikia maneno ya Askofu Galen, aulize watoto hao wako wapi siku ya Dominika.

Tuirudie sasa dawa ya yule mama. Mwaka 1957 waganga wa Italia wafanyao kazi ya kulaza wagonjwa kwa dawa walimwuliza Baba Mtakatifu Pius XII maswali. Je, mgonjwa Mkristu alazimika kuvumilia maumivu yote? Je, ni halali kumpa dawa ya kutuliza hata kama huenda ikapunguza siku zake? Tarehe 24 Februari mwaka ule Baba Mtakatifu aliwajibu. Mkristu aweza kwa hiari yake kukataa dawa, amtolee Mungu mateso yake, lakini halazimiki. Na ikiwa hakuna njia nyingine ya kumtuliza, ni halali kumpa dawa hiyo, hata kama yaweza kufupisha uhai, mradi nia ni kuondoa maumivu, wala si kuua, na mgonjwa apewe kwanza nafasi ya kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa jamaa yake. Mwezi wa Novemba mwaka uleule aliongeza kwamba waganga hawalazimiki kutumia vyombo vipitavyo kiasi ili kuvuta pumzi ya mtu anayekufa. Roma ilithibitisha mafundisho hayo mwaka 1980, na Papa Yohane Paulo II aliyarudia mwaka 1995. Hivyo wale waliomkataza yule mama dawa walikuwa wakali kuliko Papa.

Zaidi ya hayo, hofu yao ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Dawa hiyo huitwa morfini, nayo yatoka katika afyuni. Akinywa mtu pasipo kipimo, yaweza kumzimisha pumzi. Ikianzwa kidogo, ikatolewa kwa saa zake na mtu aliyefundishwa, humpa mgonjwa nafasi ya kulala, kula kidogo, kusali na kusema na watoto wake. Huko London masista Wairishi walikuwa na nyumba ya wanaokaribia kufa, Mtakatifu Yosefu, iliyofunguliwa mwaka 1905. Tangu mwaka 1958 mganga mmoja, Cicely Saunders, alifanya kazi kwa masista hao, akaonyesha kwamba heri kumpa mgonjwa morfini kabla maumivu hayajarudi kuliko kumngoja alie. Mwaka 1967 akafungua nyumba yake mwenyewe.

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu wenye mali. Basi tutazame Uganda, jirani yetu. Mwaka 1993 mganga Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool ambaye zamani alikuwa sista mmisionari, alifika Kampala akiwa na fedha kidogo. Hospitali ya Wakatoliki ya Nsambya ikamwazima nyumba. Yeye na wenzake walichanganya unga wa morfini na maji, wakaitia rangi ili watu wasikosee nguvu zake, wakaipeleka nyumbani kwa wagonjwa. Ilikuwa rahisi kiasi cha maskini kuipata. Mwaka 2004 Uganda ilirekebisha sheria, wauguzi waliofunzwa wakaruhusiwa kuiandika wenyewe, maana vijijini waganga wakubwa hawapatikani. Mama huyo alifariki mwaka 2025, na kazi yake imefika nchi nyingi za Afrika.

Sisi wa Kasongo tusistaajabu kusikia kwamba muuguzi wa kijijini aweza kazi kama hiyo. Tangu mwaka 1971 waganga wa chuo cha Antwerpen walianza hapa kwetu, pamoja na wauguzi Wakongo, ule Mradi wa Kasongo uliosomwa na wengi duniani. Waliweka vituo vya afya karibu na vijiji, muuguzi akimjua mgonjwa na jamaa yake, na hospitali ikiwa nyuma yao kwa mambo makubwa.

Ubelgiji hiyohiyo ilipitisha mwaka 2002 sheria ya kumruhusu mganga amwue mgonjwa aliyeomba, na mwaka 2014 ikaifungulia mlango hata kwa watoto. Mabruda wa Upendo, shirika lililozaliwa Ubelgiji na linalotunza wagonjwa wa akili mpaka kwetu Kongo, waliona msukosuko mkubwa. Mwaka 2017 baraza la hospitali zao za Ubelgiji lilikubali jambo hilo litendeke ndani yake. Mkuu wa shirika alipinga, na mwaka 2020 Roma ikatamka kwamba hospitali hizo haziwezi tena kuitwa za Kikatoliki. Kwetu sheria kama hiyo haipo, na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, yamtangaza mtu kuwa mtakatifu. Lakini tusijivune upesi. Kule mgonjwa huhatarishwa na sindano ya mauti. Kwetu aachwa na maumivu mpaka mwenyewe aitamani mauti. Aombaye kufa, mara nyingi aomba mambo mawili: maumivu yapungue, na asiachwe peke yake.

Tukumbuke basi mambo matatu. Kwanza, kumwua mgonjwa au kilema, hata kwa machozi na huruma, ni kuua. Pili, kumtuliza si kuua. Mtu asikataze dawa kwa jina la Mungu, bali aende kwa muuguzi kuuliza kipimo na saa zake, wala asiongeze kwa kubahatisha. Tatu, padri aitwe mapema, mgonjwa akiwa na akili timamu, apate Kitubio, Mpako na Komunio, ili watu wasimwogope padri kama mjumbe wa kifo.

Na yule mama? Tulimjibu kwamba Mungu hakasiriki na mtu aliaye. Siku ile hatukuwa na neno jingine, wala dawa mkononi. Mgonjwa wa pili asitukute hivyo.