Ngonjera na Sikio la Kufa

Ofisa kijana wa jeshi mjini Saint Petersburg anasikia kwamba bibi kizee fulani anazijua karata tatu zisizoshindwa. Tangu siku hiyo usingizi unamruka. Anajipenyeza chumbani kwa bibi usiku, anamtolea bastola, na bibi anakufa kwa hofu kabla hajaitoa siri. Baadaye mzuka wake unamtokea na kumtajia: tatu, saba, ree. Kijana anaweka fedha zake zote mezani. Ya kwanza anakula. Ya pili anakula. Ya tatu anafunua akijua ni ree, kumbe aliyoishika ni bibi wa shupaza.

Kisa hiki alikiandika Aleksandr Pushkin, kikachapishwa mwaka 1834. Pushkin alikuwa kitukuu wa Abram Gannibal, Mwafrika aliyepelekwa Urusi akiwa mtoto, akalelewa chini ya Kaisari Peter. Mwaka 1890 Pyotr Tchaikovsky alikigeuza kuwa opera, yaani tamthilia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, maneno yakitungwa na mdogo wake, Modest. Ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba mwaka huo katika ukumbi wa Mariinsky. Tangu hapo kila kizazi kimeipandisha jukwaani kwa namna yake. Mwaka 1935 Vsevolod Meyerhold aliipasua na kuishona upya ili imrudie Pushkin. Miaka mitano baadaye serikali ya Stalin ilimuua kwa risasi. Mwaka 2016 huko Amsterdam, Stefan Herheim alimwingiza Tchaikovsky mwenyewe jukwaani, akiteseka ndani ya kazi yake.

Jambo moja halibadiliki katika maonyesho hayo yote: hakuna anayeweza kumwonya kijana yule akasikia. Katika opera, msichana Liza, anayempenda, anamsubiri kando ya mfereji usiku wa manane na kumsihi watoroke pamoja. Kijana anamsukuma kando na kukimbilia kwenye kamari. Liza anajitupa majini.

Nakaa Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Kisa hiki kinanigusa kwa sababu uwanda huu wetu ndio uliomtoa mtu aliyelipa Kiswahili ngonjera, jukwaa lake la mashairi, na jukwaa hilo lilijengwa kwa imani iliyo kinyume kabisa: kwamba anayeonywa mwishowe husikia.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, mashariki ya mji. Alikuwa Mgogo, Mkristo, mtu wa bara, wakati ushairi wa Kiswahili ukihesabiwa kuwa mali ya pwani. Alijifunza bahari za washairi wa huko mpaka akazimudu, akaandika historia na mila za Wagogo, akatoa diwani, akatia Zaburi katika utenzi. Riziki yake kwa miaka mingi ilitoka mahakamani. Nina hakika ndani ya moyo wangu kwamba ngonjera ilizaliwa na mazoea hayo ya kusikiliza pande mbili zikisimama na kusemezana, kila upande na hoja yake, mpaka shauri liishe.

Kujibizana kwa mashairi kulikuwapo tangu zamani. Washairi walirushiana beti magazetini, na *Mambo Leo* lilijaa majibu na majibu ya majibu. Mnyampala aliyatoa malumbano hayo kwenye karatasi akayasimamisha mbele ya watu. Wahusika wawili au zaidi, kila mmoja na ubeti wake, vina na mizani vikitunzwa, mmoja mjinga au mbishi, mwingine mwenye kujua. Akaweka na sharti: mwishoni lazima wakubaliane.

Sharti hilo lilipata kazi kubwa upesi. Azimio la Arusha lilitoka mwaka 1967, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze kwa wananchi. Chama cha washairi cha UKUTA, ambacho Mnyampala alikuwa mmoja wa nguzo zake, kiliitikia. Ngonjera zikaingia shuleni na kwenye mikutano ya hadhara. Mvivu alipandishwa jukwaani akabishana na mkulima hodari, mwisho akachukua jembe. Kwa nchi changa iliyotaka watu wake waelewane haraka, sioni chombo kilichofaa zaidi, na nakiheshimu.

Chombo hicho bado ni kizima. Kwenye mahafali ya darasa la saba huku kwetu niliona ngonjera ya mlevi na mkewe. Mvulana aliyekuwa mlevi alivaa koti lililomfika magotini, akashika chupa ya maji kama mtu anayehofia kunyang'anywa. Kila mkewe alipotaja ada ya mtoto, yeye alijibu kwa sifa za chupa, ubeti baada ya ubeti, vina havikwami. Kina mama walicheka mpaka wakajipangusa machozi kwa kanga. Kisha ukaja ubeti wa mwisho. Mvulana akaitupa chupa, akakiri, wote wawili wakageuka kumwinamia mgeni rasmi. Makofi yalipigwa, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Watu walikuwa wamemtazama mtu kwa muda wote aliokataa, alipokubali aliwaponyoka.

Mnyampala alifariki Juni 1969. Mwaka huohuo Ebrahim Hussein, kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa *Kinjeketile*, tamthilia ya vita vya Maji Maji. Humo imani ya maji ya dawa ya Ngarambe inawashika watu kuliko anavyoweza kuwazuia yule aliyewapa. Kinjeketile anawaomba wasubiri, hawasubiri. Wajerumani wanapomkamata na kumtaka akane maji, anakataa. Hakuna upatanisho mwishoni, na tamthilia ile ingali inasomwa na kuchezwa zaidi ya miaka 50 baadaye.

*Ngonjera za UKUTA*, kitabu cha kwanza na cha pili, zilitoka mwaka 1970 na 1971, mtunzi akiwa kaburini, na walimu wakazichukua kama kanuni. Nadhani ndipo sharti la kukubaliana lilipokauka. Mnyampala mwenyewe alikuwa mjenzi; alichukua malumbano ya magazetini akayapa miguu. Meyerhold na Herheim hawakumkosea Tchaikovsky adabu walipofungua kazi yake upya. Nasi tunaweza kuwapa watoto wa Makutupora mlevi yuleyule, koti lilelile, na ubeti wa mwisho ambao mke anasema yote aliyonayo kwa mizani kamili, na mume hasikii. Sikio la kufa halisikii dawa. Hilo kila mtoto pale uwanjani analijua, na wengine wanalijua kutoka nyumbani kwao. Wapewe ubeti wa kulisema.